Maboksi manne, namba moja

Muuzaji aliyapanga maboksi manne juu ya kaunta, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Kila boksi lilikuwa na beringi ya tairi ya Land Rover, namba ileile, vipimo vilevile. Kilichotofautiana ni bei. La kwanza lilikuwa sawa na sahani mbili za chipsi kuku. La mwisho lingelipa kodi ya chumba cha uswahilini kwa mwezi. Nilimtazama nikitegemea ushauri, naye akapandisha mabega.

“Zote zinaingia, bosi. Ni mfuko wako tu.”

Hakusema uongo. Zote zinaingia. Nilichosahau kumuuliza ni zitakaa muda gani.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, iliyotoka Solihull, Uingereza, katikati ya miaka ya 1970. Nililinunua kwa mstaafu aliyelitunza kuliko wengine wanavyotunza nyumba. Kila tairi lina beringi mbili, ya ndani na ya nje, kwa hiyo gari zima lina nane. Hazikuwa na tatizo lolote. Hazikuvuma wala tairi hazikucheza. Lakini mimi, kwa kiherehere cha mmiliki mpya, niliamua kubadilisha zote kwa sababu moja tu, kwamba ni za zamani. Na kwa kuwa nilihitaji nane, kila shilingi ya tofauti ilijizidisha mara nane, nikachukua boksi la kwanza. Zilizotolewa nikampa kijana wa vyuma chakavu, akazipima kwa kilo pamoja na sufuria iliyotoboka na vipande vya nondo.

Miezi minne baadaye nilikuwa njiani kwenda Iringa. Baada ya Chalinze nikaanza kusikia mvumo mbele upande wa kushoto, mdogo, kama wa nyuki ndani ya mtungi. Nikakata kona ya kulia, ukapanda. Nikakata ya kushoto, ukatulia. Mtu anayejua angesimama Morogoro. Mimi nilijipa moyo kwamba ni tairi, maana tairi za matope huvuma kwenye lami. Nikaingia Mikumi, pale barabara inapokata hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, mahali ambapo huwezi kushuka na jeki yako ukajifanya uko gereji. Mvumo ukageuka kukwaruza, mbele ya macho ya tembo waliokuwa wakila bila wasiwasi. Nilipofika mjini Mikumi, ng'ambo ya hifadhi, nilimwagia habu maji kidogo yakachemka papo hapo.

Fundi wa pale alipofungua, rola zilidondoka zenyewe. Grisi ilikuwa imeungua ikawa kama masizi ya jiko. Pete ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kichwa cha eksili, ikabidi ikatwe kwa patasi, na chini yake chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya bluu. Sili ilikuwa imeyeyuka, mafuta yameloweka viatu vya breki. Hesabu ya usiku ule ilikuwa kichwa cha eksili cha mtumba, sili mpya, viatu vya breki, kazi ya fundi na kitanda cha gesti. Kwa fedha ile ningenunua lile boksi la mwisho, na nyingine mbili juu yake.

Lakini hasara iliyonikera zaidi niliijua niliporudi Dar es Salaam, nilipompelekea gari fundi mzee wa Ilala ambaye amefungua Land Rover tangu enzi za mashirika ya umma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Za kwanza ziko wapi?”

“Za kwanza zipi?”

“Ulizozitoa. Zile zilizokuja na gari.”

Nikamwambia habari ya vyuma chakavu. Alinyamaza kidogo, akajifuta mikono kwa kitambaa, kisha akasema kwamba nimeuza dhahabu kwa bei ya bati. Nilidhani anatia chumvi. Sasa sidhani hivyo.

Ili kuelewa alichomaanisha ni lazima mtu ajue kilichomo ndani ya pete hizo mbili. Beringi ambayo wengi tunaijua tangu utotoni ni ile ya gololi, ambayo watoto huifanya gurudumu la vigari vya mbao. Hiyo hubeba vizuri mzigo unaoshuka wima. Gari linapokata kona, hata hivyo, uzito husukuma kwa ubavu pia. Tatizo hilo lilimsumbua Henry Timken, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akitengeneza magari ya farasi mjini St. Louis, Marekani. Mwaka 1898 alipata hataza ya beringi yenye rola zilizochongoka kidogo upande mmoja, zinazokaa ndani ya pete iliyolala kwa mshazari kama ukuta wa kikombe. Mzigo wa juu na mzigo wa ubavu vyote vikapata pa kuegemea. Mwaka uliofuata kampuni yake ilianzishwa, na mpaka leo mpango ule ndio ulio kwenye tairi za Land Rover za zamani, na za mbele za magari mengine mengi ya enzi hizo. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa ikitumia gololi mbele, ikahamia kwenye rola za aina hii katika magari ya mwaka 1966.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa na mambo yake. Mjini Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer alibuni mwaka 1883 mashine ya kusaga gololi za chuma zikawa duara kamili, na mji huo ukawa muhimu kiasi kwamba ndege za Marekani ziliushambulia mara mbili mwaka 1943, Agosti na Oktoba, kwa kuwa vita visingeenda mbali bila beringi. Sweden, Sven Wingquist akaanzisha kampuni ya beringi ya SKF mwaka 1907. Na hapa wapenzi wa Safari Rally watanisamehe nikichepuka kidogo. Volvo ilizaliwa ndani ya SKF. Jina lenyewe, linalomaanisha “nabingirika” kwa Kilatini, lilisajiliwa mwaka 1915 kwa ajili ya beringi, na gari la kwanza likaja mwaka 1927. Kwa hiyo Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant waliposhinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya, walikuwa wakiendesha mjukuu wa kiwanda cha beringi.

Turudi kwenye chuma, maana ushindani wote wa bei uko humo. Beringi nyingi nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni kama asilimia 1 na kromiamu kama asilimia 1.5. Huchomwa na kupozwa kwa utaratibu mkali mpaka ugumu wake ufike karibu 60 kwa kipimo cha Rockwell C. Kuandika maneno hayo ni rahisi, na kiwanda chochote kinaweza kuyachapa kwenye boksi. Kazi iko kwenye usafi. Chembe ya takataka iliyobaki ndani ya chuma, ndogo kuliko punje ya vumbi, ndiyo mahali ufa unapoanzia. Ufa huo hauanzi juu, bali chini kidogo ya uso, pale mgandamizo wa rola unapokuwa mkali zaidi. Husafiri kimyakimya kwa maelfu ya kilomita, kisha kipande kinabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Hapo ndipo dereva anaposikia mvumo.

Kwa sababu hiyo beringi mbaya haionekani dukani. Inang'aa, inazunguka kwa ulaini na ukiipima kwa kalipa iko sawasawa. Beringi ya bei ya chipsi kuku imebana gharama mahali macho yasipofika, kwenye usafi wa chuma, muda wa tanuri, usagaji wa mwisho wa rola na unene wa kizimba kinachozitenganisha. Wakati mwingine wamepunguza kote kwa pamoja.

Na barabara zetu hazisamehi. Kuna kanuni ya wahandisi ambayo kila mwenye kubebesha gari la zamani angepaswa kuijua. Ukizidisha mzigo mara mbili, maisha ya beringi ya rola hayapungui kwa nusu. Yanashuka hadi takriban sehemu moja ya kumi. Fikiria ile 109 iliyojazwa magunia mpaka juu ya keria, inaruka mashimo ya masika, halafu inavuka korongo la maji wakati habu bado ni moto. Hata viwanda vizuri havidai miujiza. Hesabu yao inakubali kwamba kati ya beringi 100 za aina moja, chini ya mzigo uleule, 10 zitakufa kabla ya muda ulioandikwa. Tofauti ni kwamba kiwanda kizuri kinajua muda huo ni upi.

Sasa tulirudie lile neno la fundi mzee. Beringi nilizozitupa zilikuwa na maandishi ya Timken na neno England. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda kikubwa Duston, Northampton, kilichofungwa mwaka 2002. Chuma kile kilikuwa kimeshapita mtihani wa miaka arobaini na zaidi bila kubanduka. Kilichokuwa kikihitajika ni kuoshwa, kukaguliwa, kupakwa grisi mpya na kufungiwa sili mpya. Mimi nilikitoa nikaweka kitu ambacho hakijafanya mtihani hata mmoja.

Hili ndilo ningependa msomaji mwenye Land Rover, Peugeot 504 au Datsun ya baba yake alichukue. Kabla hujauliza mpya ya bei gani, uliza kama unahitaji mpya. Osha beringi ya zamani kwa mafuta ya taa na brashi mpaka isibaki grisi hata kidogo. Ikaushe kwa kitambaa, na usiizungushe kwa upepo wa kompresa kama vijana wanavyopenda kwa sababu ya ule mlio. Rola ikichomoka kwa kasi ile inaweza kukutoa jicho. Kisha isogeze kwenye mwanga wa jua na uitazame rola moja baada ya nyingine. Rangi ya kijivu iliyofifia si ugonjwa. Vishimo, hata vidogo kama alama ya sindano, ni ugonjwa. Rangi ya bluu au kahawia ya kuungua ni kifo. Pete ya nje ikiwa na mistari iliyopangana kwa umbali sawa na rola, gari liliwahi kupigwa kishindo kikubwa au lilisimama miaka mingi mahali pamoja, na pete hiyo haifai. Kutu iliyochimba haifai. Ikiwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo, irudishe na mwenzake, pete yake ileile ya nje, maana viwili hivyo vimeshazoeana na havibadilishani wenza.

Nikisema hivi wapo watakaonijibu kwamba natetea mitumba. Sitetei. Ikiwa beringi yako imebanduka, nunua mpya na ununue nzuri. Na hapo maboksi manne yanarudi kaunta.

Nianze na imani moja inayopendwa kijiweni, kwamba kilichotoka China ni kibaya na kilichotoka Ulaya ni kizuri. Ilikuwa na ukweli wake zamani. Leo SKF, Timken, NSK na wengineo wana viwanda vyao China, na kinachotoka humo hupimwa kwa vipimo vya kampuni hizo. Zipo pia kampuni za Kichina zenyewe zinazotengeneza beringi za treni na za mitambo ya upepo, ambazo hazina sababu ya kuona haya mbele ya mtu. Kibaya ni boksi lisilo na mwenyewe, lile lenye picha ya gari, maneno “Super Quality” na hakuna jina la kiwanda unachoweza kukidai. Nchi iliyochapwa kwenye pete inakwambia machache. Jina la aliye tayari kulaumiwa linakwambia mengi.

Majina ya zamani nayo yana mtego wake. Kampuni hizi zimenunuana kama mifugo mnadani. Hoffmann wa Chelmsford, waliokuwa wakisifika Uingereza, waliunganishwa na wenzao mwaka 1969 ikawa RHP, nayo RHP ikanunuliwa na NSK ya Japani mwaka 1990. FAG ya Schweinfurt ilichukuliwa na INA mwaka 2001. Kwa hiyo mzee anayeapa kwamba anataka jina fulani tu, kwa sababu baba yake alilitumia, huenda analipia kumbukumbu. Sina ugomvi na kumbukumbu, mradi ajue anacholipia.

Boksi la pili kwa bei, siku ile, lilikuwa la kampuni ya Japani isiyopigiwa kelele sana na wenye Land Rover. La nne, lile la ghali kuliko yote, lilikuwa na nembo ya kampuni ya gari. Kampuni za magari kwa kawaida haziundi beringi zao. Hununua kwa akina Timken na SKF, zikaweka ndani ya boksi lao na kuongeza bei. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndani ya boksi la nne na ndani ya boksi la tatu mlikuwa na pete zenye maandishi yaleyale.

Siri ambayo wauza spea hawaipendi ni kwamba beringi haina kabila la gari. Ile namba iliyochorwa ubavuni mwa pete ni ya dunia nzima. Inayoingia kwenye Land Rover yako huenda inaingia pia kwenye trela la trekta au mashine ya kukoboa. Kwa hiyo badala ya kuingia duka la spea za Land Rover, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, ambako wakongwe bado wanakuita Grogan, andika namba ya pete zote mbili na uingie duka la beringi za viwandani. Muuzaji wa pale hakuulizi una gari gani. Anavuta kitabu, anakutajia jina la kiwanda na bei, na mara nyingi bei hiyo iko katikati ya chipsi kuku na kodi ya chumba. Hili limeniokolea fedha kuliko ujanja mwingine wowote. Sharti lake ni moja: soma namba yote, pamoja na herufi za mwisho, na pima kwa kalipa kabla ya kutoka dukani, kwa sababu magari haya yamepita mikono mingi na huenda fundi wa mwaka 1990 aliweka kitu ambacho hakikuwa chake.

Kuna uchafu mwingine sokoni ambao ni mbaya kuliko beringi rahisi. Ni feki. Aliyenunua rahisi amejua anachonunua, lakini aliyenunua feki amelipa bei ya nzuri akapata mbaya. Boksi linafanana na la kiwanda, rangi ni ileile, hata karatasi ya ndani ipo. Nyingine ni beringi zilizotumika, zikaoshwa, zikang'arishwa na kuchongwa jina jipya. Usitegemee jicho lako peke yake, maana wachapaji wa feki nao wana macho. Tegemea risiti, na duka linalotambuliwa na kiwanda kuwa msambazaji wake. SKF wana programu ya simu ambayo unapiga picha za beringi na boksi, unawatumia, wataalamu wao wanakujibu. Muuzaji anayekasirika ukitoa simu kupiga picha ameshakujibu kabla yao. Tanzania, malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ipo mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia. Wachache sana huenda huko kwa ajili ya beringi moja, na wauza feki wanalijua hilo.

Nimeongea sana juu ya chuma, na fundi mzee wa Ilala angeninyooshea spana kwa hilo. Yeye anaamini kwamba beringi nyingi haziuawi na kiwanda, zinauawa gereji. Nimekaa kwenye benchi lake nikamwangalia akifunga beringi zote nane upya, na nimeanza kumwamini.

Kwanza, hakuruhusu patasi isogelee pete. Pete ya nje huingia kwenye habu kwa kubana, na alitumia kipande cha shaba, akigonga kidogo huku na kidogo kule, kwa mzunguko. Aliniambia nisikilize. Mlio ulikuwa mwepesi, tii, tii, halafu ghafla ukawa mzito kama wa kugonga fuawe. “Imekaa,” akasema, akaacha hapohapo. Pete moja iliingia kwa kidole bila kugongwa, naye akaitoa na kuikataa habu nzima. Gereji nyingine wangepiga matundu ya senta panchi ndani ya habu ili chuma kivimbe kishike pete. Inashika, kwa wiki kadhaa.

Pili, grisi. Aliifunga beringi kiganjani na kuisukuma grisi kutoka upande mpana mpaka ikachomoza juu kati ya rola, zote, mzunguko mzima. Wengi hupaka nje kama siagi kwenye mkate na kujaza habu pomoni. Grisi iliyojazwa pomoni haina pa kwenda ikipata moto isipokuwa kupita kwenye sili na kuingia kwenye breki. Wala hakuchanganya ya zamani na mpya, kwa sababu grisi za aina tofauti zikikutana huweza kulainika na kuchuruzika.

Tatu, na hapa ndipo vijana wengi hukosea, kukaza. Tumezoea kwamba nati iliyokazwa zaidi ni salama zaidi. Beringi ya rola za mshazari haitaki hivyo. Kitabu cha Series III kinataka habu ibaki na nafasi ya kusogea mbele na nyuma kati ya milimita 0.10 na 0.15, unene wa karatasi moja ya daftari au zaidi kidogo. Volkswagen wao husema kati ya 0.03 na 0.12. Mzee alikaza nati huku akizungusha habu ili rola zijipange, akalegeza, akapima kwa geji ya saa, akafunga nati ya pili na kukunja washa ya kufuli, kisha akapima tena, maana nati ya pili hubadilisha kipimo. Tairi moja lilimchukua karibu saa nzima. Kule nilikofunga zile za chipsi kuku, tairi nne zilimalizika kabla chai haijapoa, na kijana alikaza mpaka spana ikalia. Sijui, basi, ni kipi hasa kilichoniangusha Mikumi: chuma au mkono. Fundi wa Mikumi alilaumu beringi. Mzee analaumu nati. Nimeacha kuwauliza.

Wenye Volkswagen nao nisiwasahau. Nati ya tairi la mbele la kushoto hufunguka kinyume, kwa kuwa uzi wake ni wa kushoto, na humo humo ndimo inamopita waya ya spidomita. Nimeona mtu mzima, fundi wa miaka mingi, akiikaza kwa nguvu zote huku akiamini anaifungua.

Je, kuna mahali pa beringi rahisi? Papo. Trela la kubebea maji shambani, linalotembea mwendo wa mtu. Mkokoteni. Gari la maonyesho linalopanda na kushuka kwenye roli, ingawa sijui mtu mwenye gari la namna hiyo ambaye hana fedha ya beringi nzuri. Na iko hali ya njiani, uko mbali na mji, beringi imekufa na duka pekee lina boksi lisilo na jina. Funga, nenda taratibu, shika habu kila baada ya kilomita 50, na ukifika itoe. Lakini gari linalobeba familia kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lenye breki za dramu na lisilo na mkanda hata mmoja kiti cha nyuma, halina nafasi ya majaribio kwenye habu.

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, zikinuia kuvunja rekodi ya dunia ya msafara iliyokuwa Ujerumani. Nyingi zilikuwa kongwe, zimefika kwa magurudumu yao wenyewe kutoka mikoa ya mbali. Kila moja ya hizo kongwe inazunguka juu ya beringi nane, na kila mwenye nayo atasimama siku moja mbele ya kaunta yenye maboksi manne. Ombi langu kwa wauzaji ni dogo: mteja akiuliza ipi, mwambieni ukweli mnaoujua. Mnaujua, maana kwenye magari yenu wenyewe hamfungi boksi la kwanza.

Land Rover yangu leo ina beringi sita mpya za Kijapani kutoka duka la mashine za kilimo. Mbili zilizobaki, za nyuma kulia, ni za Timken zenye neno England. Mzee alizitoa kwenye kopo la maziwa lililojaa oili chafu chini ya benchi lake, kutoka gari lililokufa zamani. Nilipomuuliza bei, alitaja ileile ya boksi la nne, na nililipa.